Kuunda mhusika kwenye gemu za kusimulia mezani: kila chaguo unaloongeza linamnyima mtu kitu

Mpingo_Mkavu (mwanzisha uzi)

Wakuu, habari za jioni.

Uzi huu ni wa wale wachache tunaocheza gemu za kusimulia, zile za kukaa mezani na karatasi, penseli na dadu. Kwa ambaye hajawahi kuona: kila mmoja ana mhusika wake, na mmoja ni msimuliaji. Msimuliaji anasema mmefika mtoni, mvushaji hayupo na mtumbwi umefungwa mnyororo. Nyie mnasema mnafanyaje. Pale ambapo haijulikani kama mtaweza, dadu zinaamua.

Kundi letu linakutana Shangani, hapa Mtwara, na kanuni tunaandika wenyewe. Vitabu vya nje ni ghali na vinene, mgeni hawezi kumaliza kurasa mia tatu za Kiingereza ndipo aanze kucheza. Halafu kuna suala la dadu. Gemu kubwa nyingi zinataka dadu ya pande ishirini na ndugu zake, na hizo ukiziulizia dukani huku utatazamwa tu. Dadu za ludo zipo kila kona. Kwa hiyo sisi tunarusha mbili, tunajumlisha, tunaongeza sifa ya mhusika, yaani namba ya uwezo wake, na jambo la kawaida linataka 8 au zaidi.

Nchi yetu ni ya kubuni ila imekaa kikusini: upwa wenye miji ya mawe iliyobaki magofu, uwanda wa juu usio na maji, msitu mzito katikati, mto mkubwa mpakani. Wa huku atajua nimechungulia wapi.

Ninachotaka tujadili ni machaguo ya kuunda mhusika. Msimamo wangu ni huu, mnipinge: chaguo zuri linampa mchezaji kitu cha KUFANYA mezani ambacho bila hilo asingekiwaza. Linaloongeza namba tu ni mapambo, na mapambo yakizidi yanaanza kuwabana wengine.

Kuwabana vipi? Dungeons & Dragons (gemu maarufu la nje la aina hii) ilipotoka 1974 ilikuwa na kazi tatu tu: mpiganaji, mchawi na kasisi. Mwaka 1975 kikaja kitabu cha nyongeza, kikaleta mwizi, na mwizi akapewa asilimia zake za kunyata, kujificha na kupanda kuta. Kabla ya hapo mpiganaji akitaka kunyata alisema "nanyata", wakaelewana na msimuliaji. Mwizi alipoandikwa, mezani watu wakaanza kusema kunyata ni kwa mwizi, wewe huna. Hakuna aliyeandika kwamba mpiganaji haruhusiwi. Marufuku ilikuja yenyewe, kwa sababu mwenzake kaandikiwa.

Ndiyo maana kwetu mhusika ana machaguo matatu tu: Asili, Kazi na Deni. Asili ni ulikotoka. Kazi ni unachokifanya. Deni ni mtu au kitu unachodaiwa, na kila mhusika anadaiwa, hakuna msafi.

Mfano wa Asili. Mtu wa Uwanda: "Ukiingia kijiji chochote, msimuliaji lazima akwambie maji yanatoka wapi na yako mikononi mwa nani." Hakuna namba hapo. Anayejua historia ya Newala na uwanda wote wa Makonde, watu kushuka bondeni kutafuta maji na kupanda nayo, anaelewa kwa nini mtu wa namna hiyo jambo la kwanza kuuliza ni hilo. Na mezani linafanya kazi ajabu. Jumapili moja kundi liliingia kwenye mji wenye mtawala mkorofi. Wenye mapanga wakaanza kuhesabu walinzi. Mchezaji mwenye Mtu wa Uwanda akauliza kisima kiko wapi, nikajibu kiko ndani ya ua wa dada yake mtawala, na hadithi nzima ikahamia kwa yule dada. Panga halikutoka alani.

Mtu wa Upwa: "Mara moja kwa safari, tangaza upepo wa kesho, kusi au kaskazi. Itakuwa hivyo."

Kazi ninayoipenda kuliko zote ni Mchukuzi wa Mifupa. Hii nimeitoa Tendaguru. Wajerumani walichimba pale mifupa ya dinosaria kati ya 1909 na 1913, na wachukuzi wakaibeba kwa miguu hadi bandari ya Lindi. Mnyama mwenyewe leo amesimama makumbusho ya Berlin. Waliombeba hawajasimamishwa popote. Basi kwenye gemu: "Unabeba mfupa mmoja wa mnyama wa kale. Mfupa huo unachukua nafasi ya mizigo mitatu. Usiku, ukilala umeuegemea, uliza ardhi swali moja kuhusu kilichopita juu yake. Ukiutua mahali ukauacha, huulizi tena mpaka uurudie."

Naomba kuwasilisha. Leteni hoja, na wenye gemu zao waonyeshe walivyofanya.

---

Kahawa_Chungu

Nimewahi siti ya mbele. Kashata ninazo, wajuzi endeleeni.

---

Ticha_Masasi

Mkuu Mpingo, umegusa namba juu juu, ngoja nizishushe chini maana ndiyo ugonjwa wa wanaoandika gemu za dadu mbili.

Dadu mbili zina matokeo 36. Kupata 8 au zaidi ni njia 15, yaani asilimia 42 hivi. Mhusika mwenye sifa ya 1 anahitaji 7, njia 21, asilimia 58. Sifa ya 2 ni asilimia 72. Sifa ya 3 ni 83. Sifa ya 4 ni 92, na hapo dadu mmeziweka mezani kama sahani za kupambia kabati.

Linganisha na dadu ya pande ishirini. Pale kila nyongeza ya 1 ni asilimia 5, haibadiliki. Ndiyo maana wenzetu wanaweza kumgawia mhusika nyongeza za kidogo kidogo, hapa 1 kwa upanga mzuri, pale 1 kwa baraka ya kasisi, na gemu likaendelea kupumua. Wewe kwenye dadu za ludo ukigawa moja moja mara tatu umeua wasiwasi wote. Watu wananakili orodha za nyongeza kutoka gemu za pande ishirini wakazibandika kwenye dadu mbili, kisha wanashangaa kwa nini mhusika wa ngazi ya tatu (ngazi ni hatua za kukua kwake) hashindwi kitu.

Dawa ninayotumia na wanafunzi: badala ya kuongeza namba, ongeza dadu. Anayestahili msaada anarusha dadu tatu, anachukua mbili kubwa. Matokeo yanakuwa 216, na kupata 8 au zaidi ni njia 147, asilimia 68. Ukubwa wake unakaribia nyongeza ya 2, ila kuna tofauti: dari haipandi. Mwenye dadu ya tatu hawezi kuvuka 12 kwa bahati peke yake. Jambo linalotaka 13 linabaki la mwenye sifa halisi. Na hata wakimsaidia watu wanne, bado ni dadu ya tatu moja, hazirundikani.

---

Mpingo_Mkavu

Ticha, hii ya kutorundikana naichukua kama ilivyo. Mpaka sasa sifa zetu zinaanzia 0 hadi 2 na haziendi juu ya 3. Msaada wote utakuwa dadu ya tatu.

---

Chuma_cha_Ndanda

Mimi napinga uzi mzima, samahani mkuu.

Machaguo matatu? Mimi gemu lilinishika kwa sababu ya machaguo MENGI. Toleo la tatu la Dungeons & Dragons, 2000, lilileta vipaji, yaani uwezo maalumu wa mhusika, unachagua kipya kila baada ya ngazi tatu, na vingine vinadai uwe na vya nyuma. Ukitaka kile cha kukimbia, kupiga na kuondoka bila kuguswa, ilibidi uwe umechukua cha kukwepa, kisha cha kupita katikati ya maadui, kisha uwe umefikia kiwango fulani cha kupigana. Nilikaa na daftari nikapanga maisha ya mhusika toka ngazi ya kwanza mpaka ishirini. Kundi la kucheza nalo sikuwa nalo, nilikuwa peke yangu na faili kwenye simu. Ule upangaji ndio ulikuwa gemu lenyewe.

Nyie mnaokutana kila Jumapili mnasahau kwamba wapo wengi hawana wa kukutana nao. Mtu yuko Nachingwea au Tandahimba, kundi hana, kinachompa raha ni kuunda wahusika. Ukimpa machaguo matatu amemaliza kabla chai haijapoa.

---

Mpingo_Mkavu

Chuma, hoja ya asiye na kundi ni nzito, siipuuzi. Ila hilo toleo unalolisifia nalijua, na mle ndani kulikuwa na mitego. Chukua kipaji cha ugumu wa mwili. Kilikuwa kinakupa pointi 3 za uhai, basi, maisha yako yote. Kwa mchawi wa ngazi ya kwanza anayehesabu uhai kwa dadu ya pande nne, 3 ni utajiri. Akifika ngazi ya kumi ni takataka, na nafasi ya kipaji haijirudii. Mgeni anaona neno "ugumu" anasema safi, nataka mpiganaji mgumu. Mzoefu anamwangalia anacheka.

Mimi siandiki kitu ambacho mzoefu anamcheka mgeni. Toleo la 2014 lilirekebisha lenyewe: kipaji kama hicho kikawa kinatoa pointi 2 kwa kila ngazi, kinakua na wewe. Kwa hiyo tatizo la wingi linatibika, lakini lazima mwandishi apitie kila chaguo ajiulize likifika ngazi ya mwisho litakuwa bado lina maana au limekufa. Machaguo mia mbili, nani atayapitia? Mimi mtu mmoja nina shamba la korosho la kupulizia.

---

Chuma_cha_Ndanda

Haya, mtego nakubali. Ila jibu la mtego ni kuruhusu mtu abadilishe. Pathfinder, gemu jingine la nje, toleo la pili, 2019, ukiwa na muda wa mapumziko hadithini unaweza kujifunza upya, ukaacha kipaji kimoja ukachukua kingine. Tena wale walifanya jambo la akili sana: vipaji vya ukoo vina ngazi zake, vya kazi vina zake, vya ujuzi vina zake. Anayetaka kipaji cha kubembeleza wafanyabiashara hakichukui kwa kupoteza kipaji cha upanga. Kila kimoja kina foleni yake.

---

Ticha_Masasi

Hapo Chuma umesema. Ukiweka "napiga panga mara mbili" na "najua lugha za ndege" kwenye foleni moja, lugha za ndege hazitachaguliwa hata siku moja, hata ukiziandika kwa mashairi. Watu wanaogopa kufa. Tenganisha.

---

BintiMikindani

Habarini. Mimi ndiye dada pekee kwenye kundi letu la huku Mikindani, na nina mambo mawili, moja dogo moja kubwa.

Dogo: kaka Mpingo, huwezi kutangaza kusi au kaskazi kwa ajili ya kesho. Hizo ni pepo za msimu, kusi ikishaingia imeingia, huamki asubuhi ukaigeuza. Baba yangu ana dau, angekusikia angekunyang'anya dadu. Andika "tangaza kama upepo wa kesho utakaza au utakufa". Hapo mvuvi atakuelewa, na mezani ni bora zaidi, kwa sababu upepo kufa mkiwa katikati ya maji ni hadithi tosha.

Kubwa: hizi Asili. Tafadhali shikilia hapo hapo, usiweke namba kabisa. Gemu za nje kwa miaka mingi ziliandika jamii za kubuni kwa namna hii: hawa nguvu juu, wale akili chini. Hata Dungeons & Dragons wenyewe, kwenye kitabu cha wachezaji cha 2024, nyongeza za sifa wameziondoa kwenye jamii wakazipeleka kwenye historia ya mhusika, yaani alikuwa mkulima, askari, msomi. Wenzetu wamechukua miaka hamsini. Sisi huku hatuna sababu ya kuanza na kosa lao.

Na tuseme ukweli, watu wa kusini tumesemwa vya kutosha nchi hii. Ukiandika "Watu wa Uwanda, nguvu 2, akili kasoro 1", utasema ni nchi ya kubuni, lakini mezani kila mtu atajua unamsema nani, na kuna mtu atacheka kicheko ambacho si cha gemu.

---

Mpingo_Mkavu

Upepo nimebadilisha, dada. Mpe mzee salamu.

Kwenye namba za Asili tuko pamoja. Sifa mchezaji anagawa mwenyewe, pointi tatu, popote anapotaka, na Asili haigusi.

---

Liwale_Ndani

Wazo: Kazi ya mganga mwenye maji ya dawa yanayozuia risasi. Mnakunywa wote, mnapata kinga, ila mmoja akianguka mbele ya wenzake kinga inawatoka wote. Mtaona jinsi itakavyonogesha.

---

Mpingo_Mkavu

Kimekaniki ni wazo kali sana na linaniuma kulikataa. Lakini siligusi. Vita vya Maji Maji vilipita huko kwenu Liwale na huku kwetu, kuna koo bado zinajua nani hakurudi. Kinga inayotegemea imani ya kundi zima nitaitumia, ila nitaivalisha kitu kingine kabisa, labda wimbo, labda moto. Maji na risasi, hapana.

---

Liwale_Ndani

Nimekuelewa kiongozi. Moto uwe unabebwa kwenye chungu basi, mmoja akiudondosha wote giza.

---

Mpingo_Mkavu

Imeingia. Chungu kina mbebaji, na mbebaji mikono yake haina kazi nyingine. Hiyo ndiyo bei.

---

Mzee_wa_Newala

Vijana, hamjambo. Mjukuu wangu ndiye amenionyesha haya. Nimesoma mpaka hapa na mengine yamenifurahisha, hasa huyo mchukuzi wa mifupa. Lakini huyo mjukuu kaniambia kwenye hilo gemu kuna kazi inaitwa Mvaa Sura, ambayo Mpingo hukuiandika humu. Nataka kujua umeweka nini.

---

Mpingo_Mkavu

Shikamoo mzee.

Sikuiandika kwa kuwa bado inafanyiwa kazi. Iko hivi: mchezaji mwenye Kazi hii ana sura ya mbao. Akiivaa, wahusika wengine hawaruhusiwi kumwita jina lake, na anayemtambua hadharani anaivunja nguvu ya sura mpaka msimu uishe. Akiwa ameivaa anaweza kumwambia mtu yeyote ukweli, hata mfalme, na yule haruhusiwi kukasirika mpaka ngoma ikome. Ndiyo hivyo tu.

---

Mzee_wa_Newala

Marahaba.

Sasa nikwambie. Lipiko, yule mcheza ngoma aliyevaa sura, anapotoka uwanjani watu wote wanamwona, wazungu wanapiga picha, sura zenyewe ziko kwenye makumbusho huko kwao. Hilo huwezi kulificha na sikukatazi. Kinachosemwa ndani, wanachofundishwa vijana jandoni, nyimbo zao, na nani yuko chini ya ile sura, hayo hayatoki. Nimesoma ulivyoandika na sioni uliyoyatoa ndani. Ila usilete nyimbo. Na usiite lipiko, wala usiseme hawa ni Wamakonde. Ukishasema ni Wamakonde utaulizwa na watu wenye haki ya kuuliza.

Hilo la mfalme kutokasirika umeliweka vizuri.

---

BintiMikindani

Mzee shikamoo. Na mimi nikitaka mhusika wangu wa kike avae hiyo sura?

---

Mzee_wa_Newala

Marahaba mjukuu. Nchi hiyo ni ya kwenu mmeibuni, valisheni mnayemtaka. Ya kwetu ina utaratibu wake na wewe unaujua, unyago wenu nao una ya kwake ambayo mimi siulizi.

---

Mpingo_Mkavu

Mzee, nimepokea. Nyimbo hamna, jina hilo hamna. Kwenye karatasi itabaki Mvaa Sura, na asili yake itakuwa mji wa upwa, mbali kabisa na uwanda.

---

Kahawa_Chungu

Kashata zimeisha na bado niko. Swali la mshamba: hii karatasi ya mhusika ina ukubwa gani? Siku moja nilialikwa kwenye gemu la watu fulani Dar, nikapewa kurasa nne za kujaza. Tulianza kujaza saa nane, jua likazama, hatujaenda hata mtoni.

---

Mpingo_Mkavu

Nusu ya karatasi ya A4. Steshenari unatoa kopi moja, unakata katikati, wahusika wawili. Juu jina na sifa nne, kati Asili, Kazi, Deni, kila moja sentensi yake moja. Chini patupu pa kuchora. Chaguo ambalo sentensi yake haitoshi kwenye mstari mmoja au miwili nalirudisha jikoni.

---

Ticha_Masasi

Kuna Deni hujalieleza, na mimi naona ndilo lenye hatari zaidi. GURPS, gemu jingine la nje, ya 1986 ilikuwa na utaratibu wa kununua kila kitu kwa pointi, na ukichukua udhaifu unarudishiwa pointi za kununulia nguvu. Kwenye karatasi ni haki kabisa. Mezani watu wanachukua udhaifu ambao hautawagusa: nani anaogopa theluji katika hadithi ya jangwani? Pointi kapata, gharama halipi. Au anachukua kumi kwa mpigo, mhusika ana kigugumizi, deni, adui, maradhi, na msimuliaji anasahau tisa. Deni lako linalipwaje?

---

Mpingo_Mkavu

Halikupi chochote mwanzoni, Ticha. Kila mtu analo moja, kwa hiyo hakuna anayenufaika kwa kulichukua. Linalipa pale tu linapokuuma. Msimuliaji akilileta na wewe ukalikubali likuharibie mambo, unapata dadu ya tatu ya kutumia baadaye wakati wowote. Lisipokuja, hupati kitu. Mwenye deni la theluji jangwani amejinyima mwenyewe.

Kuna uzuri mwingine ambao sikuutarajia. Wachezaji wameanza kunikumbusha madeni yao. "Msimuliaji, si huyu ni mjomba wa yule ninayemdai... samahani, anayenidai?" Kazi ya kukumbuka imetoka kwangu.

---

Mswahili_wa_Kivinje

Salaam kutoka Kilwa Kivinje. Uzi mtamu, ila mmepita kitu kilicho mlangoni kwenu. Mnazungumza mhusika mmoja mmoja: huyu asili yake, huyu kazi yake. Kinachowaunganisha ni nini? Gemu nyingi zinaanza mmekutana kilabuni hamjuani, halafu mnaambiwa mwende mkafie pamoja pangoni. Kwa nini?

Mimi naleta UTANI. Chaguo la nne, na halimhusu mtu mmoja, ni la wawili. Kabla ya kuanza, kila mhusika ana mtani mmoja pale mezani, awe wa ukoo au wa kabila la kubuni. Kanuni zake:

Mtani anaweza kukutukana, kukuchukulia kitu chako kidogo, kukuzuia njia akidai chochote, na huruhusiwi kukasirika wala kulipiza kwa silaha. Na siku ukifa, yeye ndiye anayesimamia mazishi yako. Anafanya mzaha msibani, anakuigiza ulivyokuwa unatembea, anadai alipwe ndipo jeneza lipite, watu wanacheka machozi yakiwa mashavuni. Mlio huku mmeshaona watani wakifanya haya, siwafundishi.

---

BintiMikindani

Nimeshaona msiba ambao mtani alijilaza kaburini akagoma kutoka mpaka apewe hela. Shangazi zangu walicheka kwa mara ya kwanza tangu asubuhi.

---

Chuma_cha_Ndanda

Hii naikubali hata mimi mwenye machaguo mia mbili. Lakini mkuu wa Kivinje, mezani inafanya nini? Mpingo kasema chaguo lazima limpe mtu cha kufanya.

---

Mswahili_wa_Kivinje

Inafanya vitu viwili. Mkiwa hai: ukimtania mtani wako pale anapotaka kurusha dadu, na utani ukawachekesha watu mezani, anapata dadu ya tatu ya Ticha. Kucheka kweli, sio "ha ha" ya adabu. Kwa hiyo wachezaji wanakaa macho wakitafuta cha kusema.

Mkifa: kwenye gemu zenu mhusika akifa mchezaji anachana karatasi, anaandika mpya, wengine wanagawana panga lake, safari inaendelea. Kifo kinapita kama simu iliyoisha chaji. Kwangu, mhusika akifa gemu linasimama. Mtani wake anasimama mezani anamwigiza marehemu: sauti yake, maneno aliyopenda, ujinga wake. Akimaliza anachagua kitu kimoja kutoka kwenye karatasi ya marehemu, sentensi moja tu, anaiandika kwenye yake. Awe amerithi swali lake la maji, au sura yake, au hata deni lake.

---

Ticha_Masasi

Naona nguvu iliyojificha humo. Hapo mhusika anakua kwa kupoteza wenzake, si kwa kuua watu. Hizo ngazi na pointi za uzoefu za wenzetu, ambazo kwa miaka mingi zilihesabiwa hasa kwa maadui waliouawa na hazina iliyopatikana, hapa hazihitajiki. Ila tahadhari ya kihesabu: mtu akizika watani watatu ana sentensi sita. Karatasi yako ya nusu A4 itajaa.

---

Mpingo_Mkavu

Ijae. Aliyezika watatu anastahili karatasi nzima.

Kivinje, naomba kuitumia, na nitaandika kwamba imetoka kwako. Nina swali moja la kiufundi. Tukiwa wachezaji idadi isiyogawanyika kwa mbili?

---

Mswahili_wa_Kivinje

Zungusheni. Wewe mtani wa aliye kuliani kwako, yeye wa aliye kuliani kwake, mpaka mzunguko ufungwe. Kwa hiyo anayekutania wewe siye unayemtania.

---

BintiMikindani

Hapana, hapo nakukatalia. Utani ni wa pande mbili. Akikutukana bila wewe kuweza kumrudishia hiyo ni dharau. Watu wakiwa watano, weka wawili na watatu. Watatu wote watani wao kwa wao, kelele tupu, ndio raha.

---

Mswahili_wa_Kivinje

Dada kanishinda. Wawili na watatu.

---

Chuma_cha_Ndanda

Na mtani akifa kabla yako, ukabaki huna?

---

Mpingo_Mkavu

Unaweza kutafuta mwingine, lakini ndani ya hadithi, siyo kwa kuandika tu. Uende kwenye ukoo wake ukaombe. Ukifa kabla hujampata, utazikwa na msimuliaji na hakuna anayerithi sentensi yako.

---

Chuma_cha_Ndanda

Basi mimi Jumapili nakuja Shangani, na nimeshamchagua mtani: huyo mwenye Mchukuzi wa Mifupa. Nataka kile kifupa. Nitamtania kwa adabu huku namwombea mabaya.

---

Kahawa_Chungu

Mimi ndiye mwenye Mchukuzi wa Mifupa, nimejiandikisha jana kwa Mpingo inbox. Njoo na nauli ya kurudi Ndanda, mfupa huu hautoki leo wala kesho.